Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali yetu: chupa moja ya damu haitoshi

Kwa:
Mganga Mfawidhi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,
Wajumbe wa Timu ya Uendeshaji.

YAH: KUOTESHA DAMU YA WAGONJWA: UCHUKUAJI, USAFIRISHAJI NA USOMAJI WA MAJIBU

Ndugu viongozi wangu,

Salaam. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, kitengo cha mikrobiolojia. Chupa za damu zinazotoka wodini kwenda kuoteshwa huishia mezani kwangu, na majibu yanayorudi wodini yana sahihi yangu. Kwa muda sasa sahihi hiyo imekuwa ikinisuta. Naandika "hakuna bakteria walioota baada ya siku tano", daktari anasoma "mgonjwa hana maambukizi kwenye damu", na mimi najua kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, kwa sababu niliiona chupa ilivyofika.

Ngazi zote nimezipitia. Nilimweleza mkuu wa maabara, naye akalifikisha kwenye kikao cha asubuhi. Niliandika taarifa kwa Katibu wa Afya. Niliomba nafasi kwenye Kamati ya Dawa na Tiba. Nilichopata ni "limepokelewa" na "linafanyiwa kazi". Sikusudii kumchafua mtu, ndiyo maana hospitali sijaitaja wala mkoa, na wagonjwa nitakaowagusia nimewaondolea kila kinachoweza kuwatambulisha. Ila wenzangu wa maabara za mikoa mingine wananiambia yao ni yaleyale, kwa hiyo acha yasemwe hadharani.

Kwa msomaji asiye wa fani yetu: kuotesha damu ni kuichukua damu ya mgonjwa, kuiingiza kwenye chupa yenye supu ya virutubisho na kuiweka kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, ili kama imebeba bakteria wazaliane mpaka waonekane. Wakishaota tunawatambua kwa majina na kuwajaribu dhidi ya dawa mbalimbali. CRP (protini inayopanda kwenye damu mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) na wingi wa chembe nyeupe vinaweza kumwambia daktari kwamba mwili unapambana na kitu. Kuotesha kunamwambia ni kitu gani na kitauawa na nini.

Na uzito wake hauhitaji kubishaniwa. Utafiti uliofanyika Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria 528 kati yao. Waliothibitika kuwa malaria ndiyo iliyowalaza walikuwa 14. Waliokutwa na bakteria kwenye damu walikuwa 85. Kilifi, Kenya, watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002 walioteshwa damu wanapofika, na kati ya waliofariki zaidi ya robo walikuwa na bakteria kwenye damu. Muhimbili nako, utafiti wa watoto uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wenye bakteria wa gramu hasi kwenye damu (bakteria hugawanywa gramu hasi na gramu chanya kwa rangi wanayoshika chini ya darubini) walifariki kwa asilimia 43.5, ilhali wenye malaria walifariki kwa asilimia 20.2. Huu si ugonjwa wa vitabu vya Ulaya. Uko wodini kwetu, na mara nyingi kadi yake imeandikwa jina la ugonjwa mwingine.

Hoja zangu ni hizi.

1. Chupa moja, tena haijajaa

Wiki haipiti bila kupokea chupa ya mtu mzima yenye mililita mbili za damu. Huhitaji kupima. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona supu imekuwa ya waridi badala ya nyekundu nzito. Fomu imeandikwa "homa", basi. Hakuna saa ya kuchukua, hakuna mkono uliochukuliwa, hakuna dawa alizokwisha pewa.

Kwa mtu mzima, bakteria walio kwenye damu mara nyingi hawafiki kumi kwa kila mililita, na wakati mwingine hawafiki hata mmoja. Ukichukua mililita mbili unaweza ukawakosa wote ilhali mgonjwa anakufa nao. Ni sawa na kuchota kikombe kimoja ziwani kisha kutangaza kwamba ziwa halina samaki. Ndiyo maana inatakiwa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, chupa mbili kwa seti moja, na seti mbili kutoka sehemu mbili tofauti za mwili. Seti moja iliyojaa hukamata takribani saba kati ya kila wagonjwa kumi wenye bakteria kwenye damu. Mbili hukamata kama tisa. Sisi tunachukua kama sehemu moja ya kumi ya seti moja, halafu tunashangaa mbona kipimo "hakitoi kitu".

Nimeambiwa, na kiongozi ninayemheshimu, kwamba wagonjwa wetu hawakubali damu nyingi, watasema tunaiuza. Maneno hayo hata mimi nimeyasikia koridoni. Lakini seti mbili ni mililita 40. Mchangia damu hutoa mililita 450, anakunywa soda, anarudi kazini. Mgonjwa akielezwa kwa lugha ya kawaida kwa nini mikono yote miwili inachomwa, hukubali. Anayekataa mara nyingi ni yule aliyechomwa bila kuambiwa kitu. Kwa watoto hesabu ni nyingine: kiasi hufuata uzito, mtoto mchanga mililita moja kwenye chupa ya watoto yaweza kutosha, na hakuna anayependekeza kumkausha mtoto damu.

Na kama chupa ni chache kweli, basi chupa mbili za hewa (za kuoteshea bakteria wanaohitaji hewa), kila moja mililita 10, moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo iwe sakafu yetu. Chini ya hapo tusijidanganye kwamba tumepima.

2. Dawa kwanza, damu baadaye

Utaratibu usioandikwa popote lakini unaofuatwa na kila mtu ni huu: mgonjwa anafika na homa, anaanzishwa seftriaksoni, dawa ya sindano ya kuua bakteria, siku ya tatu au ya nne homa haijashuka, ndipo mtu anakumbuka kuotesha damu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa hospitali za Kanada na Marekani ambapo wagonjwa walewale walioteshwa damu kabla ya dozi ya kwanza na tena ndani ya saa mbili baada yake. Kipimo cha baada ya dawa kilikamata karibu nusu tu. Hiyo ni saa mbili. Sisi tunazungumzia siku tatu.

Hapa najua jibu nitakalopewa: mgonjwa mwenye sepsisi (maambukizi yaliyoanza kuharibu viungo vya mwili) hawezi kusubiri maabara. Nakubaliana nalo kabisa. Mwenye mshtuko wa sepsisi apewe dawa ndani ya saa moja. Lakini hakuna anayesema dawa isubiri majibu. Isubiri damu itoke mshipani tu, na hizo ni dakika chache, za mtu ambaye tayari ameshikiwa mkono ili awekwe kanula. Tatizo letu liko kwenye umbali: trei ya dharura ina seftriaksoni, ina maji ya kuchanganyia, ina bomba la sindano, na chupa ya kuotesha haimo. Iko stoo ya maabara, inaombwa kwa fomu. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku na wagonjwa thelathini hawezi kuiacha wodi aje kuomba chupa. Simlaumu.

Kuna madhara mengine ya utaratibu huu ambayo sijasikia yakizungumzwa kwenye kikao chochote, na mimi ndiyo yananitisha zaidi. Kwa kuwa tunaotesha waliokwisha kushindwa na seftriaksoni tu, wanaoota kwenye sahani zetu ni bakteria sugu kwa seftriaksoni. Wale ambao dawa ingewaua wameshakufa kabla ya chupa kufika, au wamenyamazishwa kiasi cha kutoota. Mwisho wa mwaka tunajumlisha, tunaona usugu wa kutisha, na hospitali inahitimisha kwamba seftriaksoni haifai tena, twende meropenemu, dawa ya akiba kwa bakteria sugu. Huenda ni kweli. Huenda si kweli. Kwa takwimu zilizokusanywa namna hii hakuna anayeweza kujua, nami nakataa zitumike kana kwamba zinasema ukweli wa mkoa mzima. Taifa lina Mpango Kazi wa kupambana na UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa) tangu ule wa 2017 hadi 2022, na damu ni moja ya sampuli ambazo Shirika la Afya Duniani linazifuatilia kwenye mfumo wake wa usugu ulioanza 2015. Takwimu tunazopeleka juu zinaenda kujenga mwongozo wa matibabu utakaoturudia wenyewe. Tukipeleka zilizopinda, tutarudishiwa zilizopinda.

3. Ngozi, pamba na bakteria wasio wa ugonjwa

Hili ndilo hasa la usomaji wa majibu, mtaniwia radhi nikirefusha.

Nimesimama wodini nikatazama. Glovu imefungwa mkononi badala ya mpira wa kubana mshipa, hilo si neno. Pamba inachovywa kwenye kibakuli cha spiriti ambacho kimekuwa kikijazwa juu kwa juu tangu asubuhi, kila mmoja akitia vidole. Ngozi inapanguswa mara moja. Mshipa haujaonekana vizuri, kidole kinarudi kuupapasa palepale palipopanguswa, kisha sindano inaingia spiriti ikiwa bado mbichi. Kofia ya chupa imebanduliwa plastiki ya juu na haikupanguswa kabisa, kwa imani kwamba chini ya plastiki ni safi. Plastiki ile huzuia vumbi. Haiifanyi raba iwe safi.

Klorheksidini ya asilimia 2 iliyochanganywa na alkoholi, isuguliwe kwa nusu dakika na iachwe ikauke, ndiyo inayotakiwa, isipokuwa kwa watoto wachanga wa chini ya miezi miwili ambao wana utaratibu wao. Iodini ya povidoni nayo inafaa lakini inahitaji dakika moja na nusu hadi mbili kufanya kazi, na hakuna anayeisubiri. Kibakuli cha pamba kiondoke kabisa: bakteria aina ya Bacillus hutengeneza mbegu ngumu ambazo spiriti haiziui, zinakaa mle zikihama kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, na mimi naziokota upande wa pili kama "maambukizi".

Matokeo yake? Chupa inalia, yaani mashine inayoitunza inapiga kengele kwamba kuna kinachoota, naangalia kwenye darubini, naona vishada vya bakteria wa gramu chanya, kesho yake inakuwa Staphylococcus epidermidis, mkazi wa ngozi ya kila mmoja wetu. Daktari ananipigia: ni ugonjwa au ni uchafuzi? Ingekuwa imeletwa seti mbili kutoka mikono miwili ningemjibu kwa kujiamini. Ameota kwenye chupa moja kati ya nne, tena baada ya siku mbili, hiyo kwa kawaida ni ngozi. Ameota pande zote mbili, mgonjwa ana mrija kwenye mshipa mkubwa au ni mtoto njiti, hilo ni jambo la kushughulikiwa. Lakini nimeletewa chupa moja. Moja kati ya moja. Hapo hakuna mtaalamu duniani atakayeamua, na daktari asiye na uhakika huchagua dawa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji aliwekwa kwenye vankomaisini, dawa ya mshipani ya bakteria wa gramu chanya, kwa majibu ya aina hiyo, ndugu zake wakawa wanainunua duka la nje kwa fedha za kukopa, wakati usaha uliokuwa ukimletea homa ulikuwa kwenye kidonda.

Mkosi huu hugeuka pia upande wa pili. Madaktari wakishachoshwa na "majibu ya ngozi" wanaanza kudharau kila kishada. Staphylococcus aureus si wa kudharauliwa hata akiota kwenye chupa moja. Anahitaji dawa ya mshipani isiyopungua siku 14, damu ioteshwe tena kuthibitisha ametoka, na moyo upimwe kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti) kuona kama hajajishikiza kwenye vali. Nimeona faili ambapo aliandikwa "uchafuzi" na mgonjwa akaruhusiwa na vidonge. Vivyo hivyo kwa nimonia koka (bakteria wa nimonia), kwa E. coli, Klebsiella, Salmonella, na kwa fangasi aina ya Candida: wakionekana kwenye damu wachukuliwe kuwa wa kweli mpaka ithibitike vinginevyo.

Kiwango kinachokubalika cha uchafuzi hakizidi chupa 3 kwa kila 100. Cha kwetu kimo kwenye ripoti niliyowasilisha. Mnakijua.

4. Safari ya chupa

Ipo wodi inayohifadhi chupa za usiku kwenye friji ya insulini. Nia ni njema, tumefundishwa kwamba sampuli hukaa baridi. Mkojo, ndiyo. Damu ya kuotesha, hapana: nimonia koka na bakteria wa homa ya uti wa mgongo baridi huwaua. Ikae joto la kawaida la chumba, ifike maabara ndani ya saa mbili.

Lakini ifike kwa nani? Chumba chenye mashine hufungwa saa tisa na nusu alasiri na ufunguo huondoka na mtu. Wa zamu ya usiku anapima malaria, hemoglobini na kulinganisha damu ya kuongezewa; chupa za kuotesha anazipanga dirishani hadi asubuhi. Mashine hupima kila baada ya dakika kumi kama bakteria wanatoa hewa ya kaboni. Chupa iliyokwisha kuanza kuota dirishani inaweza ikaingizwa ikiwa imepita kilele, mashine isione badiliko lolote, na majibu yakatoka "hakuna".

Dogo lakini linaniudhi kila siku: plasta ya jina hubandikwa juu ya mistari ya msimbo ambayo mashine inaisoma. Ninazibandua kwa wembe, na jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino limeshayeyushwa na spiriti. Kuna chupa zinafika zimeandikwa "kitanda 14". Kitanda 14 jana alilala mwingine.

5. Majibu yanayokufa kwenye trei

Bakteria wengi wa kweli hujitokeza ndani ya saa 24 hadi 48. Kwa hiyo wanaosema kipimo hiki ni cha siku tano wanakosea; siku tano ni za kusema "hakuna". Chupa ikishalia, ndani ya nusu saa naweza kusema ni gramu hasi au gramu chanya, na hilo pekee linatosha kubadilisha dawa.

Nimwambie nani? Simu ya wodi haipokelewi, ya maabara haina salio, daktari aliyeomba kipimo hakuandika namba yake. Majibu huchapwa na kuwekwa kwenye trei. Ijumaa jioni ikifika, trei hiyo husubiri Jumatatu. Tulimwotesha mtoto njiti, akaota Klebsiella isiyouawa na seftriaksoni wala jentamaisini lakini inayouawa na amikasini, ambayo ilikuwepo famasi. Karatasi ilikuwa bado kwenye trei mtoto ameshazikwa. Sisemi angepona. Nasema jibu lilikuwepo, dawa ilikuwepo, na kati yao kulikuwa na korido moja.

6. Widal

Kwa ufupi, maana hili kila Mtanzania analijua kwa nafsi yake: nani hajawahi kuambiwa ana taifodi? Kipimo cha Widal, kinachotumika kuitafuta, kilianza mwaka 1896. Kinapima kingamwili, na mtu aliyewahi kuugua zamani au kukutana na salmonela nyingine anaweza kuonekana "anayo" leo akiwa na mafua tu. Kuotesha damu nako si kamili, kwa homa ya matumbo hukamata kama sita kati ya kumi, tena vizuri zaidi wiki ya kwanza. Lakini kikisema Salmonella Typhi, ni yeye, na kitakuambia siprofloksasini inafaa au haifai. Sisi tunafanya Widal kwa wingi kwa sababu ni nafuu, ni ya haraka na inaingiza mapato. Tuseme ukweli kuhusu hilo la mwisho.

7. Kondoo

Kikao kilicheka nilipotaja kondoo, nami nalitaja tena. Sahani za kuoteshea zinahitaji damu ya kondoo kwa asilimia 5. Sisi tunatumia damu ya binadamu iliyopita muda kutoka benki ya damu. Damu hiyo ina kingamwili za mchangiaji na dawa ya kuzuia kuganda, bakteria wengine wanakataa kuotea humo, wengine wanaota bila kuonyesha alama tunazowatambulia, na mfanyakazi anaihatarisha afya yake akiimimina. Kondoo wawili nyuma ya ghala, mtu wa kuwalisha na ziara za daktari wa mifugo. Hakuna mradi wa mfadhili unaohitajika hapo.

Kuhusu fedha na watu

Najua mtasema hospitali haina fedha, chupa zilikuwa za mradi na mradi umekwisha. Hapo ndipo kosa lilipo. Mashine ilipokelewa kwa picha na hotuba, lakini chupa hazikuwekwa kwenye bajeti ya mwaka kwa sababu zilikuwa za bure, na zilipokwisha hatukuwa na kasma ya kuzinunulia. Ombi langu kwa mhasibu na mfamasia ni dogo: wachukue vitabu vyao, waweke kando bei ya seti mbili za chupa, na kando yake bei ya wiki moja ya meropenemu kwa mgonjwa mmoja, wawaletee kwenye kikao. Sina haja ya kuongeza neno.

Mtasema pia watumishi ni wachache. Ni kweli, na sitaki muuguzi abebeshwe lawama ya uchache huo. Lakini kuchukua damu vibaya kunatumia muda uleule wa kuichukua vizuri, ukiongeza nusu dakika ya kusubiri ngozi ikauke. Kurudia kipimo, kulaza mgonjwa siku za ziada na kuchanganya vankomaisini mara mbili kwa siku ndiko kunakomaliza watumishi.

Ninachoomba

Ndani ya siku thelathini utolewe mwongozo wa ukurasa mmoja wenye sahihi ya Mganga Mfawidhi na ya Muuguzi Mfawidhi: nani aoteshwe damu, seti mbili, ujazo, kabla ya dozi ya kwanza, na lini dawa itangulie bila kusubiri. Bila sahihi hizo mbili, mwongozo utabaki kuwa maoni ya mtu wa maabara.

Chupa zihamie kwenye trei za dharura: mapokezi, wodi ya watoto wachanga, wodi ya wazazi na chumba cha wagonjwa mahututi, zikiwa kwenye kifurushi kimoja na klorheksidini, chachi safi na fomu fupi. Mtoto mchanga na mama mjamzito wasidaiwe risiti kabla ya damu kuchukuliwa. Sera ya msamaha inawatambua tayari. Chupa ziingie kwenye bajeti ijayo kwa jina lake, zisifichwe chini ya "vitendanishi vinginevyo".

Ufunguo wa chumba cha mashine ubaki kwa mtu wa zamu, naye afundishwe kuingiza chupa. Nipo tayari kufundisha baada ya saa za kazi, bila posho. Maabara ipewe simu yenye salio na daftari la majibu ya hatari: jina la aliyepigiwa, saa, na alichosema. Wikiendi iwepo zamu ya kusoma chupa zinazolia.

Kila mwezi maabara itoe kiwango cha uchafuzi kwa kila wodi, kisomwe kwenye kikao cha asubuhi kama zinavyosomwa namba za waliolazwa na waliofariki, kwa ajili ya kufundishana na siyo kuadhibiana. Takwimu za usugu za mwaka zitolewe kwa kuhesabu kimelea cha kwanza tu cha kila mgonjwa, na aina yenye vimelea pungufu ya 30 isitolewe asilimia. Mpaka uchukuaji urekebishwe, takwimu hizo zibebe maelezo yanayosema zilikusanywa kwa nani.

Widal isimamishwe ndani ya hospitali yetu, na kamati ikiona haiwezekani, itoe sababu zake kwa maandishi. Na kondoo.

Sitarajii yote kwa mara moja. Nikiambiwa nichague moja la kuanzia kesho asubuhi, nachagua chupa kwenye trei ya dharura ya wodi ya watoto wachanga. Inahitaji kibali cha mtu mmoja na katoni moja kutoka stoo.

Naomba majibu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha Bodi. Nikiitwa nitakuja, na ripoti zangu zote nitakuja nazo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mteknolojia wa maabara,
Kitengo cha Mikrobiolojia.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Katibu wa Kamati ya Dawa na Tiba
Wauguzi wafawidhi wa wodi zote